Jinsi Sauti Inavyopima Udongo, na Kile Inachokipima Hasa

Hewani, joto linapokuwa nyuzi 20, sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Ndani ya maji husafiri karibu mita 1,480, na ndani ya kwatzi, madini ambayo ndiyo asili ya chembe nyingi za mchanga, hukimbia karibu mita 6,000. Udongo ni mkusanyiko wa vitu hivyo vitatu, yaani chembe za madini, maji na hewa, kwa hiyo mtu angetarajia kwamba kasi ya sauti ndani yake itakuwa mahali fulani kati ya kasi hizo. Haiwi hivyo. Katika shamba lililolimwa na kukauka, sauti inaweza kusafiri ardhini kwa mita 150 au 200 tu kwa sekunde, polepole kuliko inavyosafiri katika hewa iliyo juu ya shamba lenyewe.

Jambo hili linaloonekana kama kinyume cha akili ndilo mlango wa kuingilia katika somo zima la kupima udongo kwa sauti. Kasi ya wimbi ndani ya kitu chochote huamuliwa na mambo mawili: ugumu wa kitu hicho, na uzito wake kwa ujazo, yaani densiti. Kadiri kitu kinavyokuwa kigumu ndivyo wimbi linavyokwenda kasi, na kadiri kinavyokuwa kizito ndivyo linavyochelewa. Chembe mbili za mchanga zikilaliana hugusana mahali padogo mno, na wimbi linalotoka katika chembe moja kwenda nyingine halina njia isipokuwa kupitia hapo. Udongo mkavu uliolegea, kwa hiyo, una uzito wa mawe lakini ugumu wa migusano, na migusano hiyo ni dhaifu kuliko jiwe mara maelfu.

Anayepima udongo kwa sauti anapima, kwanza kabisa, hali ya migusano hiyo. Unyevu, densiti, kushindiliwa kwa ardhi, kina cha maji, uimara wa kiwanja cha kujengea: yote hayo yanaweza kusomwa kwa sauti, lakini husomwa kupitia athari yake katika namna chembe zinavyoshikana. Mkanganyiko mwingi katika uwanja huu, pamoja na ahadi nyingi zinazotolewa na wauzaji wa vifaa, hutokana na kuiruka hatua hii ya kati. Mtu huambiwa kwamba kifaa kinapima unyevu, kumbe kinapima kasi, na kasi hiyo inaweza kubadilishwa na mambo matano tofauti.

Katika ardhi kuna aina mbili kuu za mawimbi yanayopita ndani kwa ndani. La kwanza ni wimbi la msukumo, ambalo hubana na kuachia chembe kwa kufuata njia linamopita, sawasawa na sauti ya kawaida hewani. La pili ni wimbi la mkingamo, ambalo chembe zake hutikisika ubavuni, kwa kukingama na njia ya wimbi. Tofauti yao ni ya msingi kwa mpimaji. Wimbi la msukumo hupita katika chochote kinachopinga kubanwa, yakiwemo maji. Wimbi la mkingamo huhitaji kitu kinachopinga kusukumwa ubavu, na maji hayapingi jambo hilo hata kidogo. Ndiyo maana wimbi la mkingamo hutegemea kiunzi cha chembe peke yake, na wahandisi wengi hulipendelea: maji yaliyojaa katika nafasi kati ya chembe huliongezea uzito kidogo, lakini hayalidanganyi.

Hesabu yake pia ni nyepesi. Ugumu wa udongo dhidi ya kusukumwa ubavu ni sawa na densiti yake mara kasi ya wimbi la mkingamo mara kasi hiyo tena. Udongo wenye densiti ya kilo 1,800 kwa mita moja ya ujazo, ambao wimbi la mkingamo hupita ndani yake kwa mita 200 kwa sekunde, una ugumu wa paskali milioni 72 (paskali ni kizio cha shinikizo). Kwa kuwa kasi inazidishwa kwa yenyewe, udongo ambao kasi yake ni nusu ya hiyo hauna nusu ya ugumu, bali robo. Tofauti ndogo ya kasi ina maana kubwa, na kosa dogo katika kupima kasi vilevile ni kosa kubwa katika ugumu.

Nadharia ya migusano ilianza mbali na udongo. Mwaka 1882 mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz alieleza kihesabu kinachotokea tufe mbili zinapokandamizwa pamoja: mahali zinapogusana hupanuka kadiri nguvu inavyoongezeka, na mgusano wenyewe huwa mgumu zaidi. Udongo hupata sifa hiyo moja kwa moja. Ukiongeza mzigo juu yake, chembe hubanana, sehemu za kugusana hupanuka, na sauti huongeza mwendo. Kwa tufe kamilifu, nadharia ya Hertz inasema kasi huongezeka kwa kufuata kipeo cha moja ya sita cha mgandamizo, yaani mgandamizo ukiwa mara 64, kasi huwa mara mbili tu. Katika mchanga halisi, vipimo vya maabara vimekuwa vikitoa kipeo kilicho karibu zaidi na moja ya nne, kwa sababu chembe za kweli zina kona na mikwaruzo, na kwa sababu mgandamizo huzalisha migusano mipya mbali na kukaza ile ya zamani. Matokeo yake ni kwamba hata udongo wa aina moja, wenye unyevu mmoja toka juu hadi chini, hauna kasi moja. Mchanga ulio kina cha mita 8 hubeba uzito mara 16 ya ule ulio nusu mita, na kwa kipeo cha moja ya nne kasi yake huwa mara mbili. Yeyote anayelinganisha kasi za sehemu mbili bila kutaja kina amelinganisha vitu viwili tofauti.

Sasa tuingie kwenye maji, ambako ndiko penye utajiri na penye mitego.

Udongo unaokauka haupotezi maji kwa namna moja. Maji yanayobaki hujikusanya kwenye pembe ambapo chembe hugusana, na mvutano wa uso wake huzivuta chembe zikaribiane. Nguvu hii ya unyonyaji hufanya kazi kama mzigo uliowekwa juu ya ardhi, ila inatoka ndani. Ndiyo inayofanya mfinyanzi uliokauka uwe mgumu kiasi cha kurudisha jembe, na ndiyo inayofanya kasi ya sauti ipande ardhi inapokauka. Katika udongo wenye chembe ndogo, kasi ya wimbi la mkingamo karibu na uso wa ardhi inaweza kuwa mara mbili au zaidi kati ya mwisho wa masika na kilele cha kiangazi, bila hata chembe moja kuondolewa au kuongezwa. Mvua ikinyesha, unyonyaji hulegea, migusano hulegea nayo, na kasi hushuka. Katika mchanga safi wenye chembe kubwa athari hii ni ndogo, kwa sababu pembe zake ni pana na unyonyaji wake ni hafifu.

Mhaidrolojia, yaani mtaalamu wa sayansi ya maji, Wilfried Brutsaert alichapisha mwaka 1964 nadharia iliyounganisha mambo haya, ikihesabu kasi ya sauti katika udongo ambao haujashiba maji kutokana na mgandamizo, kiasi cha maji na nguvu ya unyonyaji. Tangu hapo watafiti wameweza kufuatilia unyevu wa ardhi kwa kuzika chanzo cha sauti na kipokezi kwa umbali unaojulikana, kisha kuangalia jinsi muda wa safari unavyobadilika siku baada ya siku. Kinachofuatwa hapo, kama ilivyokwisha kusemwa, ni unyonyaji zaidi kuliko kiasi cha maji chenyewe. Kwa mkulima hilo linaweza kuwa faida, kwa sababu mzizi wa mmea nao hupambana na unyonyaji: udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa na maji mengi kwa kipimo cha uzito na bado mmea ukanyauka, kwa kuwa maji hayo yameshikiliwa kwa nguvu mno.

Mambo hubadilika ghafla udongo unapokaribia kushiba. Fikiria maji safi yenye viputo vidogo vya hewa. Hewa ikiwa asilimia moja tu ya ujazo, kasi ya sauti kwa mitetemo ya polepole huanguka kutoka karibu mita 1,480 hadi takriban mita 120 kwa sekunde. Sababu ni ileile ya ugumu na uzito: mchanganyiko umebaki na uzito wa maji, lakini sasa unabanika kwa urahisi wa hewa. Mwanafizikia Mwingereza A. B. Wood aliieleza hesabu hii mwaka 1930, na inabeba siri ya udongo wenye maji. Mradi kuna hewa kidogo tu iliyonaswa kati ya chembe, maji hayawezi kulisaidia wimbi la msukumo, na wimbi hilo hubaki likitegemea kiunzi. Hewa ya mwisho ikitoka, maji hushika kazi, na kasi huruka kutoka mita mia kadhaa hadi mita 1,500 na zaidi.

Mruko huo ni mojawapo ya alama zilizo wazi kuliko zote katika upimaji wa ardhi. Mhandisi anayetafuta kina cha maji ya ardhini huutafuta huo. Anayehofia kwamba mchanga ulioshiba maji unaweza kugeuka majimaji wakati wa tetemeko huutafuta vilevile, kwani sehemu ya mchanga yenye kasi ya msukumo iliyo chini ya mita 1,500 ina hewa ndani yake, na hewa hiyo hupunguza hatari kwa kuwa hubonyea badala ya kuliachia shinikizo la maji lipande. Hapa wimbi la msukumo, lililoonekana kuwa la kudanganya, linatoa habari ambayo wimbi la mkingamo haliwezi kuitoa. Mpimaji makini huchukua yote mawili na kuyasoma kwa pamoja.

Kazi yenyewe kiwanjani haihitaji mitambo mikubwa. Hunyooshwa kebo ardhini yenye jiofoni, mara nyingi 24, zikiwa zimechomekwa kwa msumari wake kila baada ya mita moja au mbili. Jiofoni ni kopo dogo lenye sumaku na koili iliyoning'inizwa kwa springi: ardhi ikitikisika, sumaku hutembea pamoja nayo, koili hubaki nyuma, na umeme mdogo huzalishwa kwa kadiri ya kasi ya mtikisiko. Kwenye ncha ya mstari huwekwa bamba la chuma, na mtu huligonga kwa nyundo kubwa ya kilo tano hadi nane. Swichi iliyofungwa kwenye mpini wa nyundo huiambia mashine ya kurekodi kwamba saa imeanza. Pigo hurudiwa mara kadhaa mahali palepale, na rekodi zake hujumlishwa, ili mtikisiko wa nyundo, unaofanana kila mara, uzidi kukua, huku kelele za upepo na magari, zisizofanana, zikifutana zenyewe. Ajuaye kazi hii hujua pia kwamba kuchomeka jiofoni vizuri ni nusu ya kipimo. Ikikaa juu ya majani au ndani ya udongo uliolegea, itapima mtikisiko wake yenyewe.

Rekodi inayotoka ni mistari 24 ya mawimbi, na jambo la kwanza ni kutazama wimbi la kwanza limefika saa ngapi kwenye kila jiofoni. Tuseme tabaka la juu ni kavu lenye kasi ya mita 300 kwa sekunde, na chini yake kuna udongo ulioshiba maji wenye mita 1,600. Jiofoni zilizo karibu hupokea kwanza wimbi lililopita juu kwa juu. Zilizo mbali hupokea kwanza wimbi lililoshuka chini, likakimbia kwenye tabaka la kasi na kurudi juu, kwa kuwa barabara ndefu yenye mwendo hushinda njia fupi ya polepole. Umbali ambapo la pili linaanza kulitangulia la kwanza unatosha kukokotoa kina. Ukiwa mita 12, kwa kasi hizo, tabaka la maji liko karibu mita 5 chini. Hakuna shimo lililochimbwa.

Mbinu hii, inayotegemea mpindo wa mawimbi kwenye mpaka wa matabaka, ina udhaifu mmoja ambao haufai kufichwa: inadhani kila tabaka la chini lina kasi kuliko la juu yake. Tabaka laini likiwa limefichwa chini ya gumu, wimbi haliwezi kurudi juu kutoka humo, na tabaka hilo halionekani kabisa katika rekodi. Nchi zetu zina mfano wake halisi. Moramu, ule udongo mwekundu ambao oksidi za chuma zimeziunganisha chembe zake, unaweza kukaa kama kifuniko kigumu juu ya mfinyanzi laini. Kasi yake ni kubwa kwa sababu migusano yake imegandishwa, hata kama ina matundu mengi, na anayesoma kasi bila kuuona udongo wenyewe atadhani ardhi yote ni imara.

Njia ya kukwepa udhaifu huo ni kutumia mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa ardhi, ambayo hubeba sehemu kubwa ya nguvu ya pigo la nyundo. Wimbi la namna hii hutikisa ardhi hadi kina kinacholingana na urefu wake, na kwa makadirio ya kazi huchukuliwa kuwa linahisi hadi theluthi au nusu ya urefu huo. Wimbi fupi huhisi tabaka la juu tu, na wimbi refu hushuka chini. Kwa hiyo ukipima kasi ya kila urefu peke yake, unapata mwenendo wa ugumu kwa kina, hata pale tabaka laini linapokuwa chini ya gumu. Mbinu ya kutumia jiofoni nyingi kwa pamoja kufanya hivyo ilienea baada ya makala ya Choon Park, Richard Miller na Jianghai Xia wa Shirika la Jiolojia la Kansas, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1999, na leo ni ya kawaida katika uchunguzi wa viwanja. Tahadhari yake ni kwamba mwenendo mmoja wa kasi unaweza kuelezwa na mpangilio zaidi ya mmoja wa matabaka. Kompyuta itatoa jibu moja lenye rangi nzuri. Ni wajibu wa mpimaji kusema kuna majibu mengine mangapi yanayolingana na vipimo vilevile.

Umuhimu wa kujua kasi hizi ulionekana kwa uchungu katika Jiji la Mexico tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Pasifiki, mamia ya kilomita kutoka jijini, lakini maelfu ya watu walikufa ndani ya jiji. Sehemu kubwa ya jiji la kale imejengwa juu ya kitanda cha ziwa lililokaushwa, penye mfinyanzi laini wenye maji mengi ambao wimbi la mkingamo hupita ndani yake kwa mita 50 hadi 100 tu kwa sekunde. Tabaka la namna hiyo lina mtikisiko wake wa asili, ambao muda wake ni mara nne ya unene wa tabaka ukigawanywa kwa kasi. Chukua unene wa mita 38 na kasi ya mita 75, upate sekunde mbili. Mtikisiko uliofika ukiwa na mapigo ya sekunde mbili ulikuzwa na mfinyanzi huo hadi nguvu yake, kwenye kituo kimoja cha kupimia kilichokuwa eneo la ziwa, ikawa takriban mara tano ya ile iliyorekodiwa kwenye ardhi ngumu ya chuo kikuu cha taifa kilichomo jijini humo. Majengo ya urefu wa kati, ambayo mtikisiko wake wa asili ulikaribiana na huo, ndiyo yaliyoangamia zaidi.

Leo kanuni nyingi za ujenzi huainisha viwanja kwa wastani wa kasi ya wimbi la mkingamo katika mita 30 za juu. Katika kanuni za Ulaya zilizotumika kwa miaka mingi, kiwanja chenye zaidi ya mita 800 kwa sekunde huhesabiwa kuwa mwamba, na chenye chini ya 180 huhesabiwa kuwa ardhi laini. Eneo letu lina Bonde la Ufa, na tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililopiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji jirani, lilitosha kuonyesha kwamba kipimo hiki kinatuhusu. Nyundo, bamba na kebo moja ya jiofoni ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na jengo la shule.

Maabara nayo ina njia yake. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele huzalisha umeme zinapokandamizwa, na baadaye ikathibitika kwamba fuwele hizohizo hubadili umbo zinapopewa umeme. Bamba dogo lililoundwa kwa mata ya namna hiyo huchomekwa kwenye kila ncha ya sampuli ya udongo. Moja hupewa umeme na kupinda, likitikisa udongo ubavuni, na lingine hupokea mtikisiko na kuugeuza kuwa umeme tena. Katika sampuli yenye urefu wa sentimita 10 na kasi ya mita 200, safari nzima huchukua nusu ya milisekunde. Faida ya maabara ni kwamba mgandamizo na unyevu viko mikononi mwa mpimaji, hivyo anaweza kubadilisha kimoja na kukiacha kingine. Hasara yake ni kwamba sampuli iliyokatwa ardhini imekwisha kusumbuliwa, na migusano, ambayo ndiyo inayopimwa, ni kitu cha kwanza kuharibika.

Shambani swali huwa tofauti: je, ardhi imeshindiliwa kiasi cha kuzuia mizizi na maji? Trekta likipita mara kwa mara, au plau likikata kila msimu kwa kina kilekile, hujitokeza tabaka gumu chini ya sehemu iliyolimwa. Sauti huliona tabaka hilo kwa kuwa migusano yake imekaza, lakini kuna kikwazo cha vipimo. Ili wimbi lilitofautishe tabaka la unene wa sentimita 20, urefu wa wimbi haupaswi kuwa mkubwa sana kuliko tabaka lenyewe. Kwa kasi ya mita 200, mitetemo 200 kwa sekunde hutoa wimbi la urefu wa mita moja, ambalo ni refu mno. Inahitajika mitetemo 1,000 au zaidi, na udongo uliolegea humeza mitetemo ya haraka upesi, kiasi kwamba baada ya hatua chache haibaki. Kwa hiyo jiofoni husogezwa ziwe sentimita 10 au 20 toka moja hadi nyingine, nyundo huwa ndogo, na eneo linalopimwa kwa mara moja hupungua. Uchaguzi kati ya kuona mbali na kuona kwa undani hauepukiki, na chombo kinachodai kufanya yote mawili kwa pigo moja kinastahili kuulizwa maswali.

Kuna jambo zito zaidi kwa mkulima. Wimbi la sauti hutikisa chembe kidogo mno, chini ya sehemu moja ya laki moja ya umbali baina yao, na ugumu unaopimwa hapo ni wa udongo ambao haujasukumwa. Mzizi hausukumi hivyo. Mzizi hupasua na kuhamisha chembe, jambo linalotegemea nguvu ya udongo, ambayo hupimwa kwa kuchoma fimbo yenye ncha ya koni na kusoma upinzani wake. Ukipita takriban paskali milioni mbili, mizizi ya mimea mingi hukaribia kusimama. Ugumu na nguvu huenda pamoja mara nyingi, lakini si daima: udongo uliogandishwa kidogo na chumvi au chokaa unaweza kuwa na kasi kubwa ya sauti na bado ukavunjika kwa shinikizo dogo. Baadhi ya watafiti wameunganisha vitu hivyo viwili kwa kuweka maikrofoni ndani ya koni yenyewe. Koni ikishuka, mchanga husuguana na kuvunjika kwa kelele kubwa, huku mfinyanzi ukipisha karibu kimyakimya, na hivyo msikilizaji hujua aina ya udongo bila kuutoa nje.

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Usukuma na wa mashamba ya mpunga ya Mwea, huleta ugumu wa kipekee. Mfinyanzi wake huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyufa zake hushuka chini sana. Kati ya nyufa, bonge lililokauka ni gumu na sauti hulipita upesi, lakini wimbi haliwezi kuvuka ufa uliojaa hewa isipokuwa kwa kuuzunguka. Mstari wa jiofoni uliotandazwa wakati wa kiangazi utatoa kasi ambayo si ya bonge wala ya ardhi nzima, na itabadilika kulingana na upande mstari ulikoelekea. Katika ardhi ya namna hii ni afadhali kupima baada ya mvua za kwanza kuziba nyufa, na kuandika hali hiyo wazi katika taarifa.

Si lazima sauti itoke ardhini. Spika ikiwekwa juu ya ardhi na maikrofoni ikawekwa umbali wa mita chache, sauti hufika kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kuakisiwa na ardhi. Udongo wenye matundu yaliyounganika huiruhusu sehemu ya sauti iingie na kupotelea humo kwa msuguano wa hewa kwenye kuta za matundu, ilhali ardhi iliyoshindiliwa huirudisha karibu yote. Kutokana na kilichorudi hukokotolewa upinzani wa udongo dhidi ya kupitisha hewa, na kiasi fulani pia uwazi wake wa ndani. Mtafiti Mwingereza Keith Attenborough ni mmoja wa walioijenga nadharia hiyo. Sehemu ya sauti inayoingia hutikisa pia kiunzi cha udongo, na katika Chuo Kikuu cha Mississippi, Marekani, James Sabatier na wenzake walitumia mtikisiko huo, wakiusoma kwa leza bila kugusa ardhi, kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Upimaji huu wa juu ya ardhi ndio pekee kati ya yote niliyoyaeleza unaohusu moja kwa moja nafasi kati ya chembe, na naamini umepewa umakini mdogo kuliko unavyostahili katika kilimo, ambako kupumua kwa udongo ni suala la mavuno.

Hatua ya karibuni ni kutumia nyuzi za mawasiliano za kioo badala ya jiofoni. Mwanga wa leza hutumwa ndani ya uzi uliozikwa, sehemu ndogo yake hurudi kutoka kila mahali njiani, na mtikisiko wowote unaounyoosha uzi hubadili mwanga unaorudi. Uzi mmoja wa kilomita kadhaa hugeuka kuwa maelfu ya vipokezi, na unaweza kuachwa ardhini misimu mingi. Mashine ya leza bado ni ghali, lakini njia hii inakidhi hitaji ambalo kipimo cha siku moja hakiwezi kulikidhi. Mahali palepale pakipimwa mara nyingi, aina ya udongo, mawe yaliyomo na kina hubaki vilevile, na kinachobadilika ni unyevu na migusano peke yake. Mabadiliko ya kasi, kwa hiyo, ni rahisi kuyatafsiri kuliko kasi yenyewe.

Sauti haiwezi kumweleza mtu kiasi cha naitrojeni, uchachu wa udongo wala chumvi iliyoyeyuka katika maji yake, kwa kuwa mambo hayo hayabadilishi sana migusano. Hata yale inayoyaweza huhitaji kulinganishwa na kipimo cha mkono: pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana huzamishwa ardhini, udongo uliomo hupimwa uzito, hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, kisha hupimwa tena. Sampuli chache za namna hiyo, zikichukuliwa kwenye mstari uleule wa jiofoni na siku ileile, huiwezesha kasi kusomwa kama densiti au unyevu wa shamba lile. Hesabu iliyopatikana katika mchanga wa pwani haihamishiki kwenye udongo mwekundu wa milimani. Anayepokea taarifa ya upimaji wa sauti aangalie kama inataja kina cha kila kasi, aina ya wimbi lililopimwa, hali ya mvua katika siku zilizotangulia, na mahali zilipochukuliwa sampuli za kulinganishia. Taarifa isiyo na hayo imempa kasi tu.